Fimbo Fupi Mbele ya Upinde

Huku Marekani, Septemba ikiingia, msimu wa kuwinda kwa upinde unafunguliwa jimbo baada ya jimbo, na maswali yanayonifikia hubadilika. Wakati wa joto watu wanauliza habari za mishale. Sasa wanauliza habari za ile fimbo fupi inayotokeza mbele ya upinde, chini kidogo ya mshiko, yaani stebilaiza. Ninunue ya urefu gani? Uzito gani? Mbona ya rafiki yangu ilimgharimu dola 40, na hii niliyoiona dukani wanataka 250, wakati zote mbili ni bomba lenye kitu kizito nchani?

Leo nawajibu kwa pamoja, hasa ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na Tanzania mliohamia Iowa, Kentucky, Texas na kwingineko, mkawaona majirani wakitoka alfajiri na nguo za rangi ya majani, nanyi mkaingiwa na hamu. Cheti cha mafunzo ya uwindaji na leseni ya jimbo lako vitangulie, hilo sitalirudia. Ninyi mlioko Kenya, uwindaji kwenu umepigwa marufuku tangu 1977, basi nisikilizeni kama walenga shabaha. Fizikia haiulizi leseni.

Naanza na jambo ambalo wauza duka hawapendi kulitanguliza. Kwa maelfu ya miaka watu wamewinda bila kifaa hiki, na wengine hadi leo hawakihitaji. Mhadza wa kando ya Ziwa Eyasi ana upinde wa mti na ugwe wa mishipa ya mnyama, na upinde wenyewe ni mgumu, si wa kuvutwa na kila mtu. Lakini mtazame anavyopiga. Havuti akaganda kulenga. Anavuta, mwili mzima ukiingia katika ule mvuto, na kuachia kunafuata papo hapo. Mkono haupati nafasi ya kutetemeka. Saxton Pope, daktari wa California aliyefundishwa upinde na Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Wayahi, alifika Tanganyika mwaka 1925 pamoja na mwenzake Arthur Young kuwinda simba kwa mishale. Nao walikuja na pinde za mti tupu, hazina chuma chochote kilichochomoza mbele.

Haja ya stebilaiza ilizaliwa pale watu walipoanza kulenga kwa kutulia. Earl Hoyt, fundi wa pinde wa St. Louis, Missouri, aliiingiza sokoni mwaka 1961, na walioichangamkia kwanza ni watu wa mashindano. Mwaka 1966 mtu mwingine wa jimbo hilohilo, Holless Wilbur Allen, akaomba hataza ya upinde wenye roda kwenye ncha zake, akaipata 1969. Roda zile ndizo zilizoleta upinde tunaouita kompaundi, na ndizo zilizobadili uwindaji. Chukua upinde wa ratili 70, yaani kilo 32 hivi. Ukishauvuta hadi mwisho, roda zinabeba asilimia 80 ya ule mzigo, au zaidi, nawe unabaki umeshika ratili 14. Mwindaji anaweza kukaa amevuta, akimngoja kulungu atoe bega lake nyuma ya mti. Na katika kungoja huko ndiko pumzi, mapigo ya moyo, baridi na woga vinaposhuka mkononi na kuonekana vyote kwenye kijiti cha kulengea, kinachocheza juu ya mbavu za mnyama kama hakijui kinataka nini.

Stebilaiza inatuliza mchezo huo. Haiuondoi, inaupunguza mwendo. Waliowahi kumwona muuza maji na mzega begani katika vichochoro vya miji ya kale ya pwani wataelewa haraka. Ndoo zikining'inia kwenye ncha za mti, mbali na bega, yule bwana hawezi kugeuka ghafla. Mzega unakataa, ukianza kuzunguka unazunguka polepole. Ndoo hizohizo akizibana ubavuni, anageuka atakavyo. Uzito ni uleule, kilichobadilika ni umbali.

Na umbali una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Ukiongeza uzito mara mbili, ukaidi wa upinde dhidi ya kugeuzwa unaongezeka mara mbili. Ukiongeza umbali mara mbili, ukaidi unaongezeka mara nne. Kwa hiyo gramu 100 zilizo sentimita 30 kutoka mkononi zinafanya kazi sawa na gramu 400 zilizo sentimita 15. Hapo ndipo ilipo tofauti ya dola 40 na dola 250, pale bei inapokuwa ya haki: bomba la nyuzi za kaboni, jembamba, jepesi, gumu lisilopinda, ili karibu uzito wote ukae nchani kabisa unakohitajika. Bomba nene la alumini linaweza kuwa na uzito uleule kwenye mizani, lakini umetapakaa njia nzima, na unene wake unashika upepo. Hata hivyo dola 250 si lazima. Kati ya bomba zuri la bei ya wastani na lile la bei ya juu kabisa, mwindaji wa msituni atatofautisha kwa shida.

Sasa nije kwenye kitu ninachokilaumu waziwazi. Kuna vifaa vifupi vya mpira, inchi 4 au 5, vinene, vyenye umbo la kupendeza, vinavyouzwa kwa jina hilohilo la stebilaiza. Vingi vinafungwa kwenye pinde za wanaoanza, tena vinakuja pamoja na upinde ndani ya boksi. Hivyo ni vizuia mtikisiko. Vikining'inia karibu namna ile na mkono wako, vikiwa na gramu 80 au 100 tu, havina umbali wa kutuliza chochote. Muuzaji atakwambia vinapunguza kelele, kulungu asisikie. Hebu tulipime dai hilo.

Mshale wa kuwindia hutoka kwa mwendo wa kama mita 85 kwa sekunde. Sauti inakwenda mita 340. Mnyama akiwa yadi 30, yaani mita 27, mlio wa upinde unamfikia baada ya sehemu 8 za sekunde zikigawanywa kwa mia. Mshale unahitaji kama sehemu 32. Anabakiwa na karibu robo ya sekunde. Kulungu wa mkia mweupe aliye macho anaitumia vizuri mno: anajishusha ili apate nguvu ya kuruka, na mshale uliolengwa kwenye moyo unapita juu ya mgongo. Kwa hiyo ukimya una thamani, sibishi. Lakini mlio mkubwa unatoka kwenye ugwe na kwenye nguvu iliyobaki ndani ya upinde baada ya mshale kuondoka. Mshale mzito zaidi unaondoka na sehemu kubwa zaidi ya nguvu hiyo, na upinde unanyamaza. Vishungi vya mpira vilivyofungwa kwenye ugwe vinasaidia pia. Kile kipande cha mpira mbele kinapunguza zaidi mtikisiko unaousikia kiganjani, na huo unakuja wakati mshale umeshaondoka. Ni raha ya mkono. Isitoshe, mpira hukakamaa kwenye baridi. Asubuhi ya Novemba kule Wisconsin, kifaa kilichokuwa laini dukani kinakuwa kama kipande cha mti.

Basi urefu gani? Inategemea utakaa wapi. Mpiga shabaha wa mashindano anaweka bomba la inchi 30 mbele na mengine mafupi nyuma, kwa kuwa anasimama uwanjani, hana tawi wala dirisha la kibanda. Wewe unakaa kwenye ulingo uliofungwa kwenye mti, mita 5 au 6 juu, umezungukwa na matawi, na kulungu akitokea upande wa mgongo inabidi uuzungushe upinde mbele ya magoti yako bila kugusa kitu. Bomba la inchi 12 pale lina usumbufu wake. Ukiwa ndani ya kibanda cha turubai chini, ncha ya bomba inaweza kutokeza dirishani kabla hujawa tayari. Kwa mawindo ya namna hiyo, ambako wengi hupiga chini ya yadi 30, mimi nasema inchi 8, isizidi 10, na nchani gramu 100 hadi 200. Zaidi ya hapo unabeba mzigo usiokulipa.

Anayekwenda Colorado au Wyoming kumfuata elki ana hesabu nyingine. Nchi ni wazi, upepo mwingi, na mnyama huenda akasimama yadi 50. Huko inchi 10 hadi 12 zina maana, bomba liwe jembamba, na pengine na bomba la pili la kurudi nyuma. Lakini mtu huyo pia anapanda milima na upinde mkononi tangu alfajiri. Upinde mtupu una kilo 2 hivi. Ongeza kilengeo, kikalio cha mshale, podo lililojaa na stebilaiza mbili, unakaribia kilo 3 au unazipita. Nimeona watu waliojinunulia utulivu mzuri sana kwa mtu asiyechoka.

Hilo bomba la nyuma linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Kwa anayeshika upinde kwa mkono wa kushoto, vitu vyake vizito viko upande wa kulia: kilengeo, kikalio, podo na mishale yake. Upinde unataka kulala kulia. Ili usilale, unausokota kwa kifundo cha mkono bila kujua, na wakati wa kuachia ule msokoto unajitokeza. Juzi uwanjani kijana mmoja alinilalamikia, "Mzee, napiga vizuri hadi yadi 20, nikirudi 40 mishale yote inakwenda kulia." Nikamwambia aelekee shabaha, aweke mshale kama kawaida, afumbe macho, avute, ashike upinde kwa namna inayomstarehesha, kisha afumbue macho aangalie pima maji iliyo kwenye kilengeo. Kiputo kilikuwa kimekimbilia kushoto, kimegonga mwisho. Akacheka. Kila siku alikuwa anakirudisha katikati kwa nguvu za kifundo, akichoka kinarudi kulikokuwa.

Hesabu yake si ngumu. Kwa yadi 40 mshale wa mwendo ule unaanguka kama sentimita 90 njiani, na kilengeo kimepangwa kufidia anguko hilo kwa kuuelekeza mshale juu. Upinde ukilala nyuzi 3 tu kulia, ile fidia haiendi juu moja kwa moja, inavutwa pembeni, na mshale unatua karibu sentimita 5 kulia. Kwa yadi 20 kosa hilo ni sentimita 1 na kidogo, huwezi kuliona katikati ya makosa mengine. Ndiyo maana kijana alikuwa hodari kwa yadi 20.

Tulimfungia fimbo fupi ya inchi 6 upande wa kushoto, chini, ikirudi nyuma kuelekea kiunoni kwake. Gramu 60 hazikutosha. Tukaongeza kisahani kimoja cha chuma, kisha kingine. Kwenye gramu 170 hivi, akifumbua macho, kiputo kilikuwa kimekaa karibu na katikati bila yeye kukisaidia. Angalia kwamba hatukununua uzito kwa kufuata karatasi ya kiwanda. Kiputo ndicho kilichotuambia. Na wapo wengi ambao kiputo kitawaambia hawahitaji bomba la nyuma kabisa: kilengeo chao ni chepesi, au wanalivua podo wakishafika kwenye ulingo na kulitundika tawini. Hao wabaki na pesa zao. Ila ukifanya mazoezi podo likiwa limefungwa, winda nalo limefungwa. Ukifanya mazoezi bila podo, livue. Usiuchanganye mkono.

Uzito wa mbele nao una mazungumzo yake. Vuta, lenga doa dogo lililo yadi 30, usiachie. Kaa sekunde 15 ukikitazama kijiti. Kikishuka chini ya doa kila mara nawe unakipandisha, pua ya upinde ni nzito, punguza. Kikielea juu ya doa hakitaki kushuka, ongeza kidogo. Kikitetemeka harakaharaka, kwa vitendo vidogo vya woga, kwa kawaida upinde ni mwepesi mno, au ratili za upinde zimekuzidi na misuli inalia. Hilo la pili halitibiwi na stebilaiza, punguza ratili. Unachokitafuta ni kijiti kinachoelea polepole ndani ya doa. Hakitasimama. Hata mabingwa wa dunia hakisimami kwao, wamejifunza kuachia kikiwa kinaelea. Ukimaliza kupima, shusha upinde taratibu ugwe ukiwa mkononi, na kamwe usiachie ugwe bila mshale. Nguvu yote inarudi kwenye upinde na unaweza kupasuka usoni pako.

Jaribio hilo ulifanye umevaa koti lako la kuwindia, na glavu ukiwa nazo. Wengine wanalifanya wakiwa na fulana, mwezi wa Julai, asubuhi, wamelala vizuri, kisha wanashangaa Novemba. Lirudie umekaa kwenye kiti, maana kwenye ulingo mara nyingi utapiga umekaa. Lirudie baada ya kupanda ngazi au kilima, moyo ukidunda. Uzito uliokufaa ukiwa umepumzika ukikushinda hapo, toa kisahani kimoja. Mimi ningeuamini mkono uliochoka.

Sitataja kampuni. Naweza kusema hivi: chagua ile ambayo uzito wake unaongezwa na kupunguzwa kwa visahani vya skrubu. Iliyofungwa moja kwa moja kiwandani inakulazimisha kukubali kipimo cha mtu asiyekujua. Usihofu kama itaingia kwenye upinde wako. Hesi ya stebilaiza imekuwa ya aina moja kwa kampuni karibu zote, skrubu ya inchi 5/16 yenye nyuzi 24 kwa inchi, hivyo ya mtumba kutoka kwa jirani itaingia pia. Ukinunua ya mtumba, izungushe kwa vidole ikiwa imekazwa nusu uone kama hesi zimeliwa, na ligonge bomba kwa ukucha kuanzia mwanzo hadi mwisho: kaboni yenye ufa inatoa mlio wa kufa mahali pale palipopasuka.

Kuna kiungo cha kufungulia haraka, kinachokuwezesha kuichomoa stebilaiza kwa robo mzunguko ili upinde uingie kwenye mkoba. Ni kizuri, nami nakitumia, lakini ni sehemu moja zaidi inayoweza kulegea, na stebilaiza iliyolegea ina madhara kuliko kutokuwa nayo: inacheza, inalia, na kila mshale unakwenda na hadithi yake. Pia upinde hupandishwa kwenye ulingo kwa kamba baada ya wewe kukaa na kujifunga mkanda. Ukiufunga kamba vibaya, bomba linatangulia chini, linachimba udongo, au linanasa kwenye tawi wakati unavuta, na hapo skrubu inapata mkazo ambao haikutengenezewa.

Ifunge mwezi mmoja kabla ya msimu, si siku mbili. Kubadilisha uzito kunabadilisha jinsi upinde unavyojibu wakati mshale unatoka, na mahali mshale unapotua huweza kuhama. Kwa hiyo kila ukiongeza au kutoa kisahani, rudi yadi 20, kisha 30, kisha 40, urekebishe kilengeo upya. Mambo yakishakaa sawa, kaza kila kiungo, chukua rangi ya kucha na uchore mstari mdogo unaovuka kutoka kwenye kiungo hadi kwenye bomba, na mwingine kati ya bomba na visahani. Asubuhi ya mawindo, kabla hujaufunga upinde kwenye kamba, mulika mistari hiyo kwa tochi. Ikiwa imeachana, kuna kitu kimezunguka usiku ndani ya gari: kaza hadi ikutane, kisha panda.